Tembo Halina Mwaka, Lina Saa: Wikendi ya Kuonja Baraka na Fizi

Mtu akisema anakwenda kuonja divai mwisho wa juma, wenzake huona mashamba ya mizabibu, mapipa ya mbao gizani na mhudumu mwenye kitambaa cheupe mkononi. Baraka, kwenye pwani yetu ya Fizi nchini Kongo, hatuna hayo. Tuna mingazi inayofuata ukingo wa ziwa, tuna mama anayejua ndizi zake zimelala shimoni siku ngapi, na tuna vinywaji ambavyo ukivikosea saa unakuta vimekwisha kugeuka. Hilo la saa ndilo linaloniwasha. Divai ya Bordeaux inaandikwa mwaka kwenye chupa, watu wanaisubiri miaka 20 na kujisifu. Tembo la asubuhi, divai yetu ya mngazi, ukilisubiri hadi kesho yake, umepata siki ya kutilia kachumbari.

Kwa hiyo anayepanga wikendi ya kuonja huku kwetu apange kwa saa ya mkononi. Nimekuwekea mambo 9, tunahesabu kushuka, na la maana kuliko yote linakuja mwisho. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi namba 1. Akifika bila samaki, bila dereva na bila habari za barabara, asinipigie simu.

9. Tazama mwezi kabla ya kutangaza tarehe

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanavua ndakala usiku, kwa taa. Taa inawaka juu ya maji, ndakala wanaukimbilia mwanga, wavu unawapandia kwa chini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi haina tena la kuwaambia. Siku hizo mitumbwi mingi inalala ufukweni, na sokoni ndakala wabichi wanakuwa wa kugombania. Chagua wikendi ya giza. Mpenzi wako atasema anataka mbalamwezi. Mwulize kama mbalamwezi inaliwa na bugali.

Angalia pia kalenda ya ziwa lenyewe. Nchi 4 zinazoligawana, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zimekubaliana uvuvi upumzike miezi 3 kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Ni uamuzi mzuri na ninauunga mkono kwa moyo wote, hata pale ulimi unapomlilia samaki mukeke. Shida yake ni moja: hiyo ndiyo miezi ya kiangazi, barabara inapokauka na kupitika. Mvua zikirudi, wavuvi wanarudi majini, na matope nayo yanarudi mahali pake. Sahani nzuri na njia nzuri hazipatani ratiba. Chagua unayoitaka zaidi kati ya hizo mbili.

8. Habari za barabara ni za asubuhi ile ile

Kutoka Uvira hadi Baraka ni kama kilomita 90 kwa barabara ya taifa namba 5, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kulia. Kwenye ramani ni safari ya asubuhi. Baada ya mvua ni safari ya kumjua vizuri uliyekaa naye.

Kabla ya kuondoka waulize wenye pikipiki kituoni: mto umejaa kiasi gani, daraja limeamkaje, vizuizi viko wapi, kuna utulivu upande gani. Fizi imebeba vita kwa miaka mingi na watu wake wamejifunza kuisoma njia. Mwenyeji akikuambia leo usipande, anakupenda. Kaa, agiza chai, piga soga. Mingazi haina miguu.

7. Asiyekunywa ndiye mkuu wa msafara

Kila kundi limteue mmoja asiyeonja hata kwa ncha ya ulimi. Huyo anashika funguo, anakumbuka bei mlizokubaliana, na Jumatatu ndiye shahidi pekee anayeaminika. Msimpe mtu cheo hiki kwa kumwonea. Baraka ina Waislamu tangu zama za misafara ya Ujiji, na ina makanisa ambayo waumini wake hawagusi pombe. Ukiwa na rafiki wa namna hiyo, mwalike kwa heshima, na mpangie vya kwake vya kuonja.

Anavyo vingi. Tangawizi mbichi iliyosagwa, ikachujwa, ikatiwa ndimu na sukari, inapita kooni ikiita majina ya mababu mmoja mmoja. Kuna marakuja. Kuna maji ya ndizi ya siku ile ile, kabla hayajatiwa mtama, ambayo nasema wazi kwamba yanashinda soda yoyote niijuayo. Atakayemcheka kwa kunywa maji ya ndizi, arudi nyumbani kwa miguu.

6. Tumbo kwanza, kikombe baadaye

Kuonja na njaa ni kujinyima, maana kikombe cha pili hutakikumbuka ladha. Jumamosi asubuhi pitia sokoni Baraka ununue mukeke, yule ambaye ng'ambo kule Kigoma wanamwita mgebuka. Samaki huyu mwembamba mrefu ana mafuta ya kutosha kujichoma mwenyewe juu ya makaa. Chumvi, pilipili, ndimu, basi. Usimzamishe kwenye mchuzi wa nyanya. Ndakala wakavu wachukue pia, ni vya kutafuna kati ya kikombe na kikombe.

Kisha sombe na bugali wa mihogo. Na hapa nakuomba ufanye jambo ambalo wageni hawalifanyi: onja mawese peke yake. Chukua kijiko cha mawese yaliyokamuliwa wiki hii na kijiko cha yale yaliyokaa dukani miezi, uyaweke kwenye kipande cha muhogo uliochemshwa. Mapya yana rangi nyekundu ya kuiva na harufu ya ngazi iliyotoka chunguni. Yaliyochakaa yanakwaruza koo. Pwani hii ya Fizi inaishi kwa mawese, na mti unaotoa mafuta hayo ndio unaotoa tembo utakalokunywa. Mwanamke anayeuza mawese atakuonyesha tofauti hata kabla hujalipa, kwa sababu anajua ukionja mapya huwezi kununua mengine. Huyo ndiye mfanyabiashara hodari kuliko wote katika safari hii.

5. Kasiksi ya Jumapili ilianza wiki iliyopita

Jumapili ni ya mlima. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha Baraka na kupanda Fizi, hewa inapoa na migomba inashika zamu. Huko ndiko kwa kasiksi, pombe ya ndizi ya Kivu yetu.

Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado ni za kijani. Zinafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani, wakati mwingine kwa moshi kidogo wa kuharakisha, siku 4 au 5. Zikifukuliwa zimelegea, maganda yameingia weusi, na nyuki wa kijiji kizima wamekwisha kupata taarifa. Zinamenywa na kutiwa ndani ya gogo lililochongwa mtumbwi, mtumbwi usiojua ziwa, halafu zinakandwa pamoja na mafungu ya nyasi.

Hapo simama utazame. Mwanzoni ni rojo zito linalong'ang'ania mikono, na huwezi kuamini kwamba litatoa hata tone. Anayekanda haongei. Anaongeza nyasi, anapindua, anakandamiza kwa viganja vyote viwili, jasho linamtoka, na wewe unaanza kumhurumia. Mara nyasi zinashika makapi, na pembeni ya mikono yake maji ya dhahabu yanaanza kuchuruzika, mepesi, yasiyo na chenga. Omba kikombe hapo hapo. Hicho ndicho kikombe cha kwanza cha kasiksi, na hakina kilevi.

Baada ya hapo yanaongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba, na kazi inabaki kwa chachu kwa siku 2 au 3. Sasa piga hesabu kurudi nyuma: siku za shimo, siku za kuchacha. Kasiksi utakayokunywa Jumapili iliingia shimoni wiki iliyopita. Ukimpigia mwenyeji simu Ijumaa jioni kumwambia akuandalie, atacheka kwa adabu na kukupa ya jirani.

Onja ya siku ya pili na ya siku ya tatu, moja baada ya nyingine. Ya pili bado ina utamu wa ndizi na mtama unasikika kwa mbali. Ya tatu imekauka, kali, ya watu wanaojadili mahari. Ndugu zetu wa Burundi wana urwarwa yao ya ndizi, na wanayo impeke ya mtama inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Ukikutana na Mrundi njiani, usianzishe ubishi wa nani alianza. Agiza vyote viwili, ubishi utakuja wenyewe.

Na ukiingia shambani usikate jani wala mkungu kwa kisu chako. Mnyauko wa migomba, ambao huku Kongo ulionekana Masisi mwaka 2001, unapita kwenye makali ya visu na mapanga kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, na ndizi za pombe huumia vibaya. Mwenye shamba hupitisha panga lake motoni kwanza. Mwenye shamba ana sababu.

4. Kanyanga: chukua historia yake, kikombe chake kiache

Mahindi yana pombe zake za heshima. Yanalowekwa hadi yaote kimea, yanakaushwa, yanasagwa, yanapikwa uji na kuachwa yachache. Kinywaji kizito, cha kushibisha, onja bila hofu. Ninachokuomba ukipishe njia ni kile kinachotokea pale pombe hiyo, au ya mihogo, au ya ndizi, inapochemshwa na mvuke wake kukusanywa tone kwa tone: kanyanga, ambayo kwingine Kongo ni lotoko.

Sikukatazi kwa ukali wa mwalimu wa nidhamu. Nakukataza kwa sababu hakuna ulimi unaoweza kupambanua methanoli na kilevi cha kawaida, na vijiko vichache vya methanoli vinatosha kumpofusha mtu. Hujui pipa lilibeba nini kabla ya kupikia. Atakayekuambia kwamba yeye hupima kwa kuiwasha moto, mshukuru na uhamie meza nyingine.

Lakini kaa usikie simulizi, kwa maana ni tamu kuliko kanyanga yenyewe. Mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba uliowekea mipaka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Baadaye chini ya Wabelgiji Mkongomani hakuruhusiwa kununua divai wala pombe kali, na hali hiyo ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1950. Mpishi aliyemmiminia bwana wake divai ya Ufaransa kila jioni angekuwa mkosaji kama angejimiminia yeye. Unapokaa leo chini ya mwembe ukachagua kati ya vinywaji vitano, jua kwamba babu yako hakuwa na uchaguzi huo, na ukipandishe kikombe kwa ajili yake.

Halafu kuna mwaka 1965. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili akatua Kibamba, kwenye pwani hii hii ya Fizi, akaondoka Novemba. Katika kumbukumbu zake za Kongo ameitaja pombe ya unga wa mahindi na mihogo, ile ya kuchemshwa. Mtu alikuja na bunduki na vitabu, akakuta na hiyo inamsubiri. Milima hii imepokea wageni wa kila namna, na kila mgeni imempa kikombe.

3. Chupa ya kiwandani ina kiti chake, kando

Kutakuwa na mtu kwenye kundi lenu atakayetaka Primus. Mwacheni. Bralima ilianza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923, na Primus inauzwa tangu 1926. Bia iliyokaa karibu miaka 100 kwenye meza za harusi na matanga haihitaji ruhusa yangu. Ng'ambo ya mpaka, Brarudi ya Bujumbura inapika Primus yake tangu miaka ya 1950, na wanywaji wa pande zote mbili wanaapa kwamba ya upande mmoja ni bora. Upande gani? Wa anayesema.

Ila angalia jambo moja. Juni 2025 Heineken, kampuni mama ya Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bukavu na Goma kwa sababu ya vita, ikawaondoa wafanyakazi wake. Chupa inategemea lori, lori linategemea barabara, barabara inategemea amani. Mngazi uliopo nyuma ya nyumba unategemea mvua na mwenye kisu. Ndiyo maana nakazania wikendi hii iwe ya vinywaji vya hapa: hivi ndivyo vinavyobaki mezani njia zinapofungwa, na wanaovitengeneza ni mama zetu na wazee wetu, wanaostahili wateja hata katika siku za amani.

Na mwenye kiu ya zabibu halisi? Huyo avuke ziwa. Kutoka Kigoma kuna reli iliyofika huko mwaka 1914, na reli hiyo inapita Dodoma, ambako mizabibu inavunwa mara 2 kwa mwaka na divai inatengenezwa kweli kweli, Hombolo na kwingineko. Ni safari nzuri. Haiingii kwenye wikendi, hata ukimbembeleza dereva wa treni.

2. Msifu mgema, kwa sauti

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa heshima zote za wahenga, mimi namsifu, na nakuomba nawe umsifu.

Mtazame akipanda. Mkanda umezunguka kiuno chake na shina, anauegemea kwa mgongo, anautupa juu hatua moja, miguu inafuata, tena, tena, hadi kwenye shingo ya mti ambapo makuti yenye miiba yanamsubiri pamoja na nyuki. Kule juu ana mkono mmoja wa kufanyia kazi. Anakipata kikonyo cha ua dume, anakata kipande chembamba kuliko kucha, anarudisha kidumu chini ya jeraha, anashusha cha jana. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Akikata nene, mti unachoka mapema. Asipokata, jeraha linaziba na tone linakoma. Na siku akikosea mguu, hakuna bima inayomsubiri chini.

Kuna njia nyingine: mngazi mzee unaangushwa na kugemwa ukiwa umelala, na unaweza kutoa kwa wiki kadhaa. Tembo la kulala linakuja jingi, lakini huo ni mti usiotoa mawese tena. Uliza unakunywa la mti upi. Mimi nalipenda la mti uliosimama na ninalipia zaidi bila kinyongo.

Adabu zake ni chache. Fika kabla hajapanda, msalimie mzee kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, beba kikombe chako. Bei akitaja usimvutevute; anayeshindana bei na mtu aliye juu ya mti hajui nani ana kisu. Na kama kweli una shaka ya maji, angalia povu: tembo hai linachemka lenyewe kikombeni na linaacha ute mweupe ukingoni. Lililotulia tuli, rangi imepauka, utamu haupo, lirudishe kwa upole. Mgema wa kweli atalionja mwenyewe na uso wake utakujibu.

1. Onja saa

Tembo linaanza kuchacha kabla halijashuka mtini, na hapo ndipo linapoachana na divai zote za zabibu. Utomvu unapotoka kwenye mngazi una sukari ya asilimia 10 hadi 12 hivi na hauna kilevi. Chachu za porini, zilizomo hewani, kwenye kidumu cha jana na kwenye miguu ya nyuki, zinauvamia papo hapo. Hakuna anayetia kitu. Kazi ya siku nzima inakwenda yenyewe mbele ya macho yako, na wewe unachotakiwa kufanya ni kuwepo.

Fanya hivi. Jumamosi alfajiri nunua kidumu kimoja cha mti mmoja. Kiweke kivulini, mdomo umefunikwa kwa kitambaa. Kisha katika siku nzima chota kikombe kidogo kwa saa zake, bila kuchanganya na la mti mwingine. Mti ni ule ule, mgema ni yule yule, siku ni ile ile. Kinachobadilika ni saa tu, nawe utaionja saa ikiwa peke yake. Hata wenye maghala ya divai Ulaya wanahitaji chupa za miaka mingi ili kupata nafasi hiyo. Wewe unaipata kabla ya magharibi.

Saa 12 asubuhi, likiwa bado na joto la mti, chuja wadudu na vipande vya makuti, unywe taratibu. Ni utamu wa dafu lililokomaa, mzito kidogo, na harufu changa ya hamira kwa nyuma. Weupe wake ni umati wa chachu wenyewe unaoelea. Watu wengi wanaishia hapa na kusema wamelijua tembo. Wamelisalimia tu.

Saa 4 ndiyo saa yangu. Sukari imeanza kupungua, kilevi kimeingia, vipovu vinachoma ncha ya ulimi, na tamu na kali vinakaa pamoja bila mmoja kumfunika mwenzake. Saa hii haidumu. Ukienda kujibu simu ndefu, utarudi ukute imepita, na hakuna wa kumlalamikia. Zima simu. Kaa na uliokuja nao. Karanga za kuchemsha zinatosha, samaki bado.

Saa 9 alasiri kikombe kimekuwa cha watu wazima. Sukari imeliwa, kilevi kimefika asilimia 4 au 5, sawa na bia, na uchachu umepanda. Sasa mlete mukeke. Mafuta ya samaki na uchachu wa tembo vinafanyiana kazi nzuri kuliko ndimu, na pilipili inapata mpinzani. Hii ndiyo saa ambayo sauti zinapanda, na anayejua hadithi za Ubwari anaanza kuzisimulia huku akinyoosha kidole upande wa rasi yenyewe, ng'ambo ya ghuba iliyopewa jina la Burton, Mwingereza aliyefika Ubwari mwaka 1858 akadhani ni kisiwa. Kama naye alionjeshwa alasiri, namwelewa.

Jioni, jua likiwa limekwenda nyuma ya milima, onja kidogo tu. Ni kali, kavu, linakunja mashavu. Wazee wengine hawaanzi kunywa kabla ya saa hii na wanawatazama wa asubuhi kwa huruma. Mimi nasikiliza hoja yao na kurudi kwenye saa 4 yangu.

Asubuhi ya pili, bakteria wa siki wameshika kazi. Usilimwage. Katia vitunguu na pilipili mbichi, mimina juu yake, acha kidogo, halafu weka juu ya ndakala waliokaangwa. Mama mwenye nyumba atakuuliza nani alikufundisha. Mwambie mgema.

Na ukitaka kubeba lita chache za kuwaonjesha wa nyumbani, kidumu kisijae hadi mdomoni na kifuniko kisikazwe. Hewa inaendelea kuzaliwa ndani, na kidumu kilichofungwa kikatikiswa kwenye mashimo ya njia ya Uvira kinavimba hadi kinatafuta pa kutokea. Kikipasukia kwenye kizuizi, mbele ya askari, mgongoni mwa dereva, maelezo yako yatakuwa marefu na yenye povu. Legeza kifuniko, ziba kwa jani la mgomba, na mwambie mwenye pikipiki apunguze mwendo.